Mgeni Kijijini Kwake: Kumsoma Cesare Pavese katika Vilima vya Mizabibu



Kaskazini mwa Italia kuna kijiji kinachoitwa Mango. Msicheke. Ni Mango hasa, kama vile wauza matunda wa huku Uingereza wanavyoliita embe, tena embe moja kwa bei ambayo kwetu ungerudi nyumbani na kapu. Mwembe hata mmoja huko hakuna. Kuna mizabibu, na pale mizabibu inapokoma kuna miti ya njugu ziitwazo nocciole, zile zinazosagwa pamoja na chokoleti na kupakwa kwenye mkate wa watoto wetu kila asubuhi. Kijiji kimekaa juu ya mgongo wa kilima, zaidi ya mita mia tano kutoka usawa wa bahari, katika sehemu ya mkoa wa Piemonte inayojulikana kama Langhe. Alfajiri ukifungua dirisha huoni bonde. Unaona ukungu umelala kama maji ya bahari wakati wa bamvua, na vilele vya vilima vingine vimechomoza juu yake kama visiwa, kila kisiwa na mnara wake wa kanisa.

Mimi na mke wangu tulikaa huko siku nane mwezi Septemba 2022. Mwenye kujua tabia zangu atauliza mtu asiyekunywa mvinyo alifuata nini katika nchi ya mvinyo. Jibu ni kwamba nilifuata kitabu. Nilikuwa nimesoma riwaya ya Cesare Pavese iitwayo La luna e i falò, yaani Mwezi na Mioto, katika tafsiri ya Kiingereza ya R. W. Flint iliyotoka mwaka 2002, ikaniudhi, nikairudia, ikaniudhi zaidi. Kitabu kinachokuudhi mara mbili kina jambo lako. Nikataka nikisome mara ya tatu pale pale kilipotungwa, huku kamusi ikiwa pembeni, kwani Kiitaliano changu ni cha sokoni.

Katika chumba tulichopanga kulikuwa na rafu ya vitabu vilivyoachwa na wageni, na kama nilivyotarajia, palikuwa na Under the Tuscan Sun cha Frances Mayes, nakala mbili. Kitabu hiki kilitoka mwaka 1996 na mwaka 2003 kikatengenezwa filamu. Mwandishi ni Mmarekani, mwalimu wa chuo kikuu, aliyenunua nyumba nje ya mji wa Cortona huko Toscana, ikiwa imeachwa kwa muda mrefu, akaikarabati, akapika, akala, akaandika. Baada yake vimekuja vitabu vya namna hiyo vingi mno: mgeni, nyumba mbovu, fundi mcheshi, jirani mzee anayeleta kapu la nyanya, meza ndefu chini ya mti.

Nitamtendea haki Bi Mayes. Anajua kuandika juu ya chakula, na jiwe analichungulia mpaka ukaliona. Wala hajifanyi mwenyeji. Anasema waziwazi kwamba ni mnunuzi na ni mgeni. Lakini nilipokisoma kitabu chake usiku ule, kila ukurasa nilikuwa na swali moja, na kitabu hakilifikishi mbali: nyumba hii ilikuwa imeachwa na nani, na kwa nini? Nyumba ya mawe yenye ghala, kisima na mizeituni haibaki tupu kwa miaka kwa sababu wenyewe walisahau ufunguo.

Sisi tuliotoka kwetu tunajua nyumba huachwaje.

Vijiji vya vilima vya Italia vilikimbiwa kwa sababu ya njaa. Langhe hii ambayo leo UNESCO imeiweka katika orodha ya urithi wa dunia, tangu mwaka 2014, pamoja na Roero na Monferrato, ilikuwa nchi ya watu waliokula uji mzito wa mahindi asubuhi na jioni. Naam, sima, isipokuwa wao huiita polenta. Wengi hawakuwa na shamba. Walilima chini ya mkataba ulioitwa mezzadria, ambao maana yake ni nusu kwa nusu: shamba na nyumba ni vya tajiri, mikono na jasho ni vya mkulima na mkewe na watoto, na mavuno yanagawanywa. Mvua ya mawe ikishuka Agosti, nusu ya sifuri ni sifuri, na deni linabaki. Sheria ya kupiga marufuku mikataba mipya ya aina hiyo ilipitishwa mwaka 1964 tu. Watu walikwenda Ufaransa, Argentina, Marekani, na baada ya vita viwanda vya Torino na vya Alba vikawamaliza waliobaki. Mwandishi Nuto Revelli wa mji wa Cuneo, aliyefariki 2004, alizunguka vijiji hivi na kinasa sauti akiwahoji wazee, na kitabu chake cha mwaka 1977 alikipa jina linalomaanisha Dunia ya Walioshindwa. Leo hekta moja ya mizabibu katika sehemu za Barolo huuzwa kwa zaidi ya euro milioni moja. Ardhi ni ile ile. Walioikimbia hawakujua kwamba walichokuwa nacho chini ya miguu yao kingekuwa dhahabu, na hata wangejua, wengi wao haikuwa yao.

Sasa nije kwa Pavese, maana ndiye shabaha.

Alizaliwa Septemba 1908 katika mji mdogo wa Santo Stefano Belbo, chini ya Mango, bondeni, mahali familia yake ilipokuwa na nyumba ya kwenda wakati wa joto. Makazi yao yalikuwa Torino. Kwa hiyo tangu utotoni kijiji kwake kilikuwa mahali pa likizo, na jambo hili tulikumbuke. Alisoma fasihi, akaandika tasnifu juu ya mshairi wa Kimarekani Walt Whitman, akaitafsiri Moby Dick ya Melville kwa Kiitaliano ikatoka 1932, na mwaka 1935 serikali ya Mussolini ikamkamata na kumpeleka kifungo cha mbali huko Calabria. Mwezi na Mioto aliiandika katika miezi michache ya mwisho wa 1949. Ikatoka Aprili 1950. Juni akapewa tuzo ya Strega kwa kitabu kingine, na Agosti 27 mwaka huo huo akajitoa uhai katika chumba cha hoteli mjini Torino, akiwa na miaka 41.

Riwaya yenyewe ni fupi. Msimulizi hatajwi ila kwa jina la utani, Anguilla, maana yake mkunga. Namaanisha yule samaki, si mkunga wa uzazi. Ni mtoto wa kuokotwa. Amelelewa na familia maskini iliyomchukua kutoka hospitali kwa sababu ya ile posho ya kila mwezi iliyolipwa kwa kila mtoto wa namna hiyo. Utoto wake ameupitisha katika kibanda kwenye kilima cha Gaminella, kisha akawa kijana wa kazi katika shamba kubwa liitwalo Mora, kisha jeshini Genova, kisha akavuka bahari kwenda California. Anarudi baada ya vita, ana umri wa makamo na ana fedha. Haelezi sana fedha zimepatikanaje, na wanakijiji hawaulizi sana.

Na anafikia wapi? Anafikia hotelini.

Hapa ndipo niliposimama mara ya kwanza nilipokisoma kitabu hiki. Mtu anarudi mahali alipokulia na anapanga chumba katika nyumba ya wageni iliyo uwanjani, kwa sababu hana nyumba wala ndugu wa damu. Watu wanaanza kumzunguka. Huyu anataka kumuuzia shamba, yule anamwonyesha binti zake, mwingine anamsifu kwa unene. Nani kati yetu hajapitia haya? Unashuka uwanja wa ndege na begi lako, na kabla hujafika kwa mama, tayari kiwanja cha kununua kimepatikana, tena ni cha haraka, mwenyewe ana shida. Pavese hakuwahi kuvuka bahari, lakini hili alilijua barabara: anayerudi na fedha haonekani tena uso, huonekana mfuko.

Lakini hilo ni jepesi, na waandishi wengi wameliona. Zito ni lile linalofuata. Anguilla anapanda Gaminella kutazama kibanda alichokulia. Anamkuta mkulima wa nusu kwa nusu aitwaye Valino, mtu mkavu, mkali, anayewapiga wanawake wa nyumba yake, shemeji na bikizee, na mtoto mmoja mlemavu wa mguu aitwaye Cinto. Na msimulizi wetu anafurahi! Soma kurasa hizo kwa makini. Miti fulani imekatwa na hilo linamuuma, lakini kibanda ni kile kile, harufu ni ile ile, mtoto yuko peku kama alivyokuwa yeye. Anamtazama Cinto na kujiona mwenyewe. Anaona wivu kidogo juu ya mtoto ambaye bado hajaondoka, ambaye bado mioto ya usiku wa Mtakatifu Yohana ni uchawi kwake. Mioto hiyo wakulima huiwasha juu ya vilima wakiamini kwamba inaiamsha ardhi na kuleta mvua, na ndiyo iliyokipa kitabu jina.

Rafiki yake wa zamani, Nuto, seremala aliyewahi kuwa mpiga klarineti wa sherehe za vijiji vyote, hafurahii hata kidogo. (Huyu ni Nuto wa riwaya, si yule wa kinasa sauti.) Nuto hakuhama. Yeye anaiamini mioto na anauamini mwezi, anajua kwamba mti ukikatwa mwezi ukiwa vibaya utaliwa na wadudu, lakini kwa kibanda cha Valino hana hata punje ya hamu. Anaona watu wanaoishi kama wanyama ili mwenye shamba apate nusu yake. Msomaji mmoja ataona marafiki wawili wanazungumza juu ya zamani. Mimi nilisikia mabishano: mmoja anataka kibanda kibaki kama kilivyo kwa sababu kinamkumbusha, mwingine anataka kibomolewe kwa sababu kina watu ndani.

Pavese anamaliza mabishano hayo kwa njia ya kutisha. Mwenye shamba anakuja kugawana maharage na viazi, anahesabu, anasema Valino amepunja. Bibi huyo anaondoka. Jioni ile Valino anawaua wale wanawake wawili, anachoma nyumba na kila kitu kilichomo, kisha anajinyonga. Cinto ananusurika kwa sababu amejificha na ana kisu mkononi, kisu ambacho Anguilla alimpa. Kibanda cha kumbukumbu kimekwisha, na aliyekichoma ni yule ambaye kwake hakikuwa kumbukumbu.

Hoja yangu ni hii: kitabu hiki, ambacho wenyeji na watalii wanakisoma kama wimbo wa kupenda kijiji, ni kesi dhidi ya yule anayekipenda kijiji kwa namna hiyo. Kuna sentensi yake moja mashuhuri kuhusu mtu kuhitaji kuwa na kijiji chake. Utaikuta kwenye vipeperushi na mabango, na ni sentensi nzuri. Lakini hata ndani ya sentensi hiyo Pavese ameingiza raha ya kukihama kijiji hicho, na katika kitabu kizima amewasha moto. Mwenye kuichukua sentensi na kuuacha moto amefanya kama Bi Mayes: amekarabati nyumba bila kuuliza ya nani.

Jumatano asubuhi nilishuka kwa miguu kwenda Santo Stefano Belbo, nikipita katikati ya mashamba. Ilikuwa wakati wa kuvuna moscato, zabibu nyeupe zenye harufu ya kama maua, na kwa kuwa miteremko ni mikali kazi hufanywa kwa mikono, watu wameinama wakikata vishada na kuvipanga katika makreti. Wengi wa waliokuwa wakikata hawakuwa wa vilima vile. Tangu miaka ya tisini wamekuja Wamasedonia, ambao sasa wana familia zao Canelli na Santo Stefano, na baadaye vijana kutoka Afrika Magharibi. Nilisimama kando ya barabara kutafuta katika kitabu jina la kilima kilichokuwa mbele yangu. Gari dogo la mizigo likapunguza mwendo, dereva akatoa kichwa, akaniuliza kwa Kiitaliano cha polepole kama natafuta kazi.

Nilimwambia hapana, ni mgeni tu. Akaomba radhi, akaniangalia mimi, akakiangalia kitabu, akaenda zake. Hakuwa mkali wala hakunitukana. Nilibaki nimesimama, na kwa mara ya kwanza nikafikiri kwamba kijana mwingine, anayefanana nami kuliko alivyofanana na Anguilla, huenda alisimamishwa pale pale jana yake, akajibu ndiyo, akapelekwa mahali. Mwaka 2024 wenyeji wa Alba walisoma magazetini kwamba polisi wamewakamata mawakala waliokuwa wakiwapiga wavunaji wa kigeni katika mashamba ya Langhe. Valino hakufa. Amebadilisha lugha.

Mjini kuna kituo cha utafiti chenye jina la Pavese, kuna nyumba aliyozaliwa, na kwenye barabara ya kwenda Canelli kuna karakana ya Pinolo Scaglione, yule seremala rafiki yake aliyekuwa kielelezo cha Nuto. Scaglione alifariki 1990, yaani aliishi miaka arobaini baada ya mwandishi aliyemtia kitabuni, hapo hapo kijijini. Kaburi la Pavese nalo lipo sasa. Lilihamishwa kutoka Torino mwaka 2002. Nilipolisimamia nilikumbuka ile michango yetu ya kusafirisha marehemu, bakuli linapita msikitini na kanisani na kwenye simu, na kila mtu anatoa bila kuuliza, kwa sababu kila mtu anajua zamu yake ipo. Pavese alingoja miaka 52.

Lakini uhakiki si kusifu tu, na nilisema kitabu hiki kiliniudhi. Kwanza, Marekani yake. Anguilla ameishi California miaka mingi, na yote tunayopewa ni mgahawa wa barabarani, wanawake wawili watatu, lori lililoharibika jangwani usiku, mwezi mwekundu. Pavese hakuwahi kufika Marekani. Marekani yake ilitoka vitabuni na sinema, na inaonekana. Hakuna kibali, hakuna mwenye nyumba, hakuna kodi ya mwisho wa mwezi, hakuna Waitaliano wenzake wanaogombana kwenye chama chao kuhusu nani awe mweka hazina. Anakutana na mtu mmoja wa vilima vya kwao, wanazungumza juu ya mvinyo wa nyumbani, basi. Aliyeishi ughaibuni anajua kwamba ughaibuni pia ni mahali, pana watu na pana majirani. Kwa Pavese ni pengo tu, shimo ambalo mtu hutokea upande wa pili akiwa na fedha. Wapo watakaosema hiyo ndiyo hali halisi ya moyo wa mhamiaji. Mimi nasema ni mwandishi hodari aliyekosa habari.

Pili, wanawake. Binti watatu wa shamba la Mora, Irene, Silvia na Santina, wanatazamwa kwa mbali na kijana wa kazi, wanapendwa kwa mbali, na wote watatu wanakufa vibaya. Santina, mdogo wao, anapigwa risasi na wapiganaji wa msituni kwa kuwa jasusi, na mwili wake unachomwa kwa matawi makavu ya mizabibu, na hayo tunasimuliwa na Nuto kwenye kurasa za mwisho kabisa. Ni mwisho wenye nguvu, sikatai. Ule moto wa kuiamsha ardhi umekuwa moto wa kuchoma maiti. Lakini hebu tafuta sehemu ambapo mwanamke yeyote katika riwaya hii anasema anachokiona yeye. Wale wawili wa nyumba ya Valino wanapigwa, wanauawa, na sauti yao ni vilio tu. Hapa dawa ni Revelli tena, katika kitabu chake cha 1985, L'anello forte, ambamo wanawake wa vijiji hivi wanazungumza wenyewe. Humo utawakuta mabinti wa Calabria walioolewa Langhe wakati wasichana wa Langhe walipokataa kuolewa na wakulima na kukimbilia viwandani. Kazi hiyo ilifanywa na mshenga. Wao humwita bacialè, na anabeba picha kutoka huku kwenda kule. Msichana anapanda treni kutoka kusini kwenda kuolewa na mtu aliyemwona kwa picha tu, anafika kwenye ukungu na baridi, kwa mama mkwe asiyeelewa lahaja yake. Kama kuna hadithi ya ughaibuni katika vilima hivi, ndiyo hiyo, na Pavese asingeweza kuiandika.

Na atakayetaka kuijua njaa yenyewe bila ushairi asome La malora ya Beppe Fenoglio, iliyotoka 1954. Fenoglio alikuwa mtu wa Alba, mpiganaji wa msituni, na vita vyake vilipita hapo hapo Mango. Alijipatia riziki kwa kuandika barua za nje za kampuni ya mvinyo, kwa kuwa alijua Kiingereza. Kijana wa hadithi yake anatolewa na babake mwenyewe kwenda kutumika kwa mkulima mwingine, maskini vilevile. Hakuna anayerudi kutoka Amerika, hakuna mwezi. Ni kitabu kikavu kama mkate wa juzi, na kama msanifu wa sentensi namweka Fenoglio juu ya Pavese. Lakini Fenoglio hanishtaki. Pavese ananishtaki.

Mama mwenye nyumba yetu pale Mango, mwanamke wa miaka sabini na kitu, alifanya kazi miaka thelathini katika kiwanda cha chokoleti, akishuka Alba kwa basi la wafanyakazi alfajiri na kurudi kupalilia. Alipojua hatunywi mvinyo hakushangaa wala hakuhubiri. Alituletea chupa ya mchuzi mzito wa zabibu uliochemshwa kabla ya kuchachuka, na mapeari na njugu ndani yake, wa kula na jibini. Nilimsifu jiko lake na meza yake ya plastiki ili kuwa na adabu, nikauliza ile meza ya mbao ya mama yake iko wapi. Akacheka. Walikuwa wameipasua kuni mwaka 1971, siku walipoleta jiko la gesi, na ilikuwa siku njema. Nikauliza kama haimuumi sasa, maana wageni hulipa fedha nyingi kwa meza za namna ile. Akasema wageni hawakuikwangua magamba ya polenta.

Nimechelewa kuwaambieni kwa nini Pavese ananishtaki, na sasa sina njia ya kukwepa.

Baba yangu aliacha nyumba Pangani. Nyumba ya mawe na chokaa, ya zamani, na baraza mbele. Anayekaa humo ni dada yangu, mtoto wa baba mkubwa, na wajukuu zake. Mara tatu, kwa miaka kadhaa, aliniomba ruhusa azibe upande mmoja wa baraza afungue duka. Aliomba pia boriti za mikoko zing'olewe, zimeoza, tuezeke upya. Mara zote nilikataa. Nilisema nyumba ya marehemu ibaki kama alivyoiacha. Nilituma fedha za chokaa ili ionekane vizuri kwenye picha. Baraza lile ndipo baba alipokuwa akikaa baada ya alasiri na kahawa, na ndipo ninapomwona ninapofumba macho huku Leicester. Nilikwenda mwaka 2019. Nililala hotelini, kwa sababu ya choo.

Usiku wetu wa mwisho Mango, ukungu ulipanda mapema ukafunika hata taa za kanisa. Nilikuwa nimefika tena pale bibi mwenye shamba anapohesabu viazi. Nikakiweka kitabu kando, nikampigia dada. Tanzania ilikuwa yapata saa nne usiku, akadhani kuna msiba.

Nikamwambia, “Dada, lile duka.”

Akanyamaza. Kisha akasema, “Mdogo wangu, leo umekumbwa na nini?”

Nikasema sina kitu, nipo milimani, nimefikiri tu. Azibe baraza. Na boriti atafute fundi, anitajie bei.

“Duka?” akasema. “Duka nilishafungua kwa jirani, mwaka wa pili huu. Nalipa kodi. Wewe tuletee choo.”